Huduma ya kwanza: Ujuzi wa mhudumu wa afya nao huhitaji kunolewa

BARABARA kuu itokayo Chalinze kuelekea Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku na Segera wilayani Handeni, kisha huingia Korogwe. Usiku wa Februari 3, 2023, eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, lori na basi dogo lililobeba msiba viligongana na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha.

Majeruhi wa ajali za namna hiyo hufikishwa kwanza Hospitali ya Magunga mjini Korogwe au kituo cha afya kilicho karibu, kabla ya wanaozidiwa kupelekwa Bombo, Tanga. Anayewapokea mara nyingi ni muuguzi au tabibu wa zamu, ambaye pengine alifundishwa huduma ya kwanza chuoni miaka mingi iliyopita.

Ujuzi huo hufifia upesi, hata ndani ya miezi michache, usipotumika. Isitoshe, maelekezo yenyewe hubadilika. Hadi mwaka 2005, mtu mzima ambaye moyo wake umesimama alikandamizwa kifua mara 15 kwa pumzi mbili. Tangu hapo ni mara 30 kwa pumzi mbili, na sasa kasi inayoelekezwa ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikibonyea sentimita tano hadi sita.

Mfano mzito zaidi ulitoka jirani kabisa. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali sita za Tanzania, Kenya na Uganda zilizoshiriki utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutosambaa vizuri mwilini. Vitabu viliagiza watoto hao waongezewe maji mengi ya mishipa kwa haraka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kinyume: katika saa 48 za mwanzo, walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 waliopewa maji hayo, dhidi ya takriban saba kwa wasiopewa. (Watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa, kwao maji hubaki kuwa tiba.) Muuguzi aliyeshika alichofundishwa zamani angeweza kumdhuru mtoto kwa nia njema kabisa.

Je, semina ya siku moja yatosha? Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilipata jibu. Wahudumu walifundishwa kwa siku moja kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri, lakini chumbani mwa uzazi utendaji wao haukubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, papo hapo kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua. Posho ya semina, kwa hiyo, si kipimo cha ujuzi.

Zahanati ya kijijini Handeni haihitaji mengi ili kuanza. Kwa jeraha litokalo damu nyingi, kinachorudiwa ni kukandamiza moja kwa moja kwa kitambaa safi bila kuachia. Kamba ya kubana hufungwa mkononi au mguuni pale tu damu inapokataa kusimama, na saa ya kuifunga huandikwa. Kwa aliyeumwa na nyoka, kiungo hutulizwa kwa gango na mgonjwa asitembezwe. Kuchanja, kunyonya sumu na kufunga kamba vyote vimekatazwa. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno. Mwenye degedege hulazwa ubavu, asitiwe kijiko kinywani.

Kifaa cha kumpulizia mtoto hewa nacho hukaguliwa kila zamu inapopokezana, na hukaa mezani kwenye chumba cha uzazi, si stoo iliyofungwa kwa ufunguo ambao mwenye nao amekwenda nyumbani.