Saa za Kitambo: Vile Utacheki Saa Yako ya Kwanza Soko ya Taveta Bila Kuchezwa

Saa za kitambo zimerudi na kishindo. Mayut wanadunga Seiko za miaka ya sabini na suti, na jezi, hadi na kikoi. Shida ni kwamba nyingi zinazouzwa kama za kitambo zimepakwa rangi juzi tu.

Kama uko Taveta, una bahati. Jumatano na Jumamosi soko hujaa watu kutoka pande zote mbili za mpaka, na katikati ya mitumba na vikorokoro unaweza kuokota kitu safi. Pia unaweza kuacha doh yako yote hapo ukaenda home na chuma cha kupamba mkono.

Kanuni ya kushika ni hii: tafuta saa ambayo vipande vyake vyote vilitoka kiwandani pamoja, hata kama imechakaa. Usifuate kung'aa. Saa ya miaka 40 ikimeremeta kuliko simu yako mpya, anza kuuliza maswali.

1. Jua aina ya mashine

Kuna tatu. Saa ya ufunguo unaijaza mwenyewe kila siku kwa kuzungusha kile kifundo cha pembeni. Otomatiki inajijaza mkono ukitembea. Ya betri inajiendesha yenyewe. Seiko ya Japan ndio ilileta saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi sokoni, Desemba 1969, ikaitwa Astron. Baada ya hapo viwanda vingi vya saa Uswisi vilifunga.

Kwa anayeanza, Seiko 5 ndio chaguo la akili. Ilitoka 1963, na ile 5 inasimamia vitu vitano: otomatiki, siku na tarehe kwa dirisha moja, kuzuia maji, kifundo kilichojificha pale kwenye namba 4, na kesi pamoja na cheni ngumu. Ziliundwa nyingi sana, kwa hivyo vipuri hupatikana na fundi saa wengi wanazijua. Citizen na Orient pia ziko fiti. Ukipenda ya ufunguo, cheki HMT, kampuni ya serikali ya India iliyoanza kuunda saa 1961 ikisaidiwa na Citizen.

Rolex na Omega wachana nazo kwa sasa. Ukiuziwa moja kwa bei ya viatu vya mitumba, hiyo ni feki, hakuna story nyingine.

2. Soma uso wa saa

Hapa ndio wengi hukulwa. Kuna Seiko na HMT kibao ambazo uso wake umepakwa upya, nyingi zikitokea India. Utazijua hivi:

- Rangi kali zisizo za kawaida, mfano chungwa, zambarau ama samawati ya kuwaka.
- Maandishi manene, yaliyopinda ama yasiyokaa katikati.
- Chini kabisa, pale kwenye namba 6, hakuna yale maandishi madogo ya namba na nchi.
- Uso ni mpya kabisa lakini mishale imeshika kutu.

Uso uliofifia kidogo ama wenye madoa machache ni afadhali kuliko uliopakwa. Na ukipata siku zimeandikwa kwa Kiarabu, usikimbie. Seiko iliunda hizo kwa soko la Ghuba.

3. Cheki namba za nyuma

Geuza saa. Nyuma ya Seiko kuna namba mbili. Ya kwanza ina kistari katikati, na zile herufi nne za mbele ndio jina la mashine, mfano 7009. Sasa rudi mbele, toa tochi ya simu, soma yale maandishi madogo chini ya uso. Zile nne za kwanza zinafaa kufanana. Nyuma ikisema 7009 na uso useme 6309, hiyo ni saa mbili zimeunganishwa.

Namba ya pili inakupa tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba N, Desemba D. Kwa hivyo ikianza na 83, ni Machi ya mwaka unaoishia na 8. Muongo utaujua kwa mashine: 7009 ilitumika miaka ya 70 na 80, so ni 1978 ama 1988. Mashine ya 7S26 nayo ilikuja 1996. Mtu akikuambia hiyo 7S26 ilikuwa ya babu yake mwaka wa 1975, hapo anakucheza.

4. Ijaribu hapo hapo

Itikise polepole kama mara kumi. Mshale wa sekunde unafaa kuanza kutembea laini bila kukwama. Mashine za 7009 na 7S26 hazijazwi kwa kuzungusha kifundo, kwa hivyo ukizungusha na usisikie kitu, si mbovu. Lakini ukisikia chuma kikigonga ndani kama sarafu kwa mkebe, irudishe mezani.

Iweke sawa na simu yako, umwambie muuzaji unangoja dakika 20. Agiza chai karibu na meza yake. Saa ya kitambo kupoteza ama kuongeza nusu dakika kwa siku ni kawaida. Lakini ikipotea sekunde 5 kwa hizo dakika 20, hiyo ni dakika 6 kwa siku, na inataka fundi. Dakika 10 ilaze, 10 isimamishe, juu zingine hukwama zikibadilishwa mkao.

Ukitaka kujaribu tarehe, kwanza sogeza mishale hadi saa kumi na mbili. Kubadilisha tarehe haraka wakati mishale iko kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri kunaweza kuvunja meno ya ndani.

5. Ndani na nje

Mikwaruzo mirefu kwenye kifuniko cha nyuma inaonyesha kilifunguliwa kwa kisu. Omba fundi saa aifungue vizuri mbele yako. Kutu ndani ni kwaheri. Kioo cha plastiki kilichokwaruzika kisikutishe, hicho husuguliwa kikarudi.

Ila chunga saa za kabla ya miaka ya 60 zenye namba za kuwaka gizani. Nyingi zilipakwa radi, ile madini yenye mionzi. Usizifungue, usizikwangue.

6. Bei

Hapa Taveta uliza kwanza: shilingi ya wapi? Muuzaji wa kutoka Holili akisema elfu hamsini, huenda ni za Tanzania, na shilingi moja yetu inabadilishwa kwa zaidi ya 15 za kule. Kubalianeni sarafu kabla ya kuanza kupigania bei.

Usimalize bajeti yote kwa muuzaji. Ukiwa na thao tano, weka thao mbili za fundi, juu saa ambayo haijasafishwa na kutiwa mafuta kwa miaka itajisaga yenyewe. Lipa kwa M-Pesa ubaki na rekodi, na uulize saa imetoka wapi. Ikiwa imechorwa jina la mtu nyuma na muuzaji hana maelezo, iache. Kupatikana na mali ya wizi ni kesi.

7. Ukishanunua

Hata kama imeandikwa inazuia maji, raba zake zimezeeka. Ukienda kuogelea, iache kwa begi. Vumbi ya huku nayo huingia kwa kifundo, hivyo kihakikishe kimesukumwa ndani kabisa.

Na kabla ya siku ya soko, anza nyumbani. Wazee wengi wana saa ilisimama zamani, imelala kwa kabati. Piga shikamoo, keti, muulize babu alipewa na nani na mwaka gani. Usiombe siku hiyo. Jitolee kuipeleka kwa fundi kwa doh yako, umrudishie ikitembea. Akikuachia, una saa ambayo historia yake unaijua. Akiivaa mwenyewe, bado Jumamosi soko iko.