Komeo la Jumbe Chauro

Laptopu ya chama chetu cha msingi iliibwa Newala usiku wa mvua, msimu wa korosho ukiwa umebakiza mnada mmoja. Mwizi alikata nondo za dirisha. Mizani aliiacha, na redio ya mlinzi pia. Asubuhi wakulima walijaa barazani, na bibi mmoja akanishika mkono: "Mwanangu karani, na jina langu limeibwa?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, maana uwanda huu wa Newala umehangaika na kufunga na kuficha kwa muda mrefu. Mwaka 1906 alifika Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, akazunguka Masasi, Newala na Mahuta. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1908 aliweka picha ya komeo na ufunguo wa Kimakonde aliouona kwa Jumbe Chauro, na picha nyingine ya jinsi ufunguo unavyoingizwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kufuli ililetwa na maduka ya Lindi.

Lakini wazee hawakutegemea komeo peke yake. Walikaa juu huku, mbali na maji, kina mama wakishuka mabondeni na mitungi, kwa sababu vichaka vilikuwa boma. Masasi, kinyume chake, iko chini, kwenye njia. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa pale mwaka 1876, na Septemba 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakakivamia, wakachoma nyumba na kuteka watu. Ndipo misheni ikapanda Newala, kwa Matola, chifu wa Wayao.

Kiongozi wa misafara ya Askofu Steere wa UMCA huku kusini alikuwa James Chuma, Myao. Huyo ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii. Bwana wake, msafiri David Livingstone, alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma na mwenzake Susi waliita wenzao wote washuhudie masanduku yakifunguliwa, na mmoja wao, Jacob Wainwright, akaandika kilichokuwamo. Ndipo wakaubeba mwili na maandishi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwanza waliorodhesha, tena mbele ya mashahidi.

Sisi makarani wa korosho tulirithi kitu kama hicho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwetu mwaka 2007, kilo za mkulima hazikai mahali pamoja: ziko kwenye daftari la chama, kwenye karatasi za ghalani, na kwenye nakala ya kaboni anayokwenda nayo nyumbani. Laptopu ilipokuja tuliipenda kwa kujumlisha haraka, ila kaboni hatukuiacha. Kwa daftari na kaboni tulirudisha hesabu yote kwa siku sita, na hakuna aliyepoteza shilingi.

Upande wa pili ndio ulioniuma. Mashine ile ilikuwa na majina, namba za simu, akaunti za benki na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA). Nilijiona salama kwa kuwa niliweka nywila ya kuwashia. Fundi mmoja wa Masasi alinionyesha ukweli kwa laptopu mbovu: skrubu chache, akachomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, na mafaili yote yakafunguka bila kuulizwa nywila. Ile nywila inalinda mlango tu, na ukuta wa nyuma uko wazi. Dawa ni kusimba diski nzima, ili bila ufunguo isomeke kama takataka. Windows za kiofisi zinakuja na BitLocker kwa kazi hiyo. Ufunguo wa akiba huandikwa kwenye karatasi na kuwekwa nyumba nyingine, kamwe si ndani ya begi la laptopu. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatudai ulinzi wa namna hiyo. Mimi nasema wakulima wetu walistahili hata kabla ya sheria.

Bibi yule alifungua fundo la khanga, akatoa nakala yake iliyokunjwa mara nne. Kilo 212. Nikafungua daftari mbele yake: 212. Kisha nikamwambia bila kuficha kwamba ndiyo, jina lake limekwenda. Wiki iliyofuata nilipita kijiji kwa kijiji kwa pikipiki nikiwaambia watu: akipiga mtu anayejua kilo zako na jina lako kamili, akasema ile hela tuma kwa namba hii, usitume.