Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kila niikumbukapo kesi ya Rodney King, naona kuwa mahakamani wenye macho huambiwa watazame, kisha huambiwa na cha kuona.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1991, mjini Los Angeles, George Holliday alisimama kwenye roshani yake akawapiga picha za video askari polisi waliokuwa wakimchapa King virungu, naye yu chini. Ukanda ule ulizunguka dunia nzima, na wengi walihesabu kesi imekwisha kabla haijaanza.

Haikuwa hivyo. Mawakili wa askari wale wanne hawakuukimbia ukanda, bali waliukumbatia. Waliuendesha polepole, picha baada ya picha, na askari mtaalamu akalieleza kila pigo kwa lugha ya mafunzo: hapa anajaribu kuinuka, hapa bado ni hatari. Ukatili ukakatwa vipande hata ukafanana na kazi. King mwenyewe hakuitwa kusema. Tarehe 29 Aprili 1992 jopo halikumtia hatiani hata mmoja, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50. Mwaka 1993, katika mahakama ya shirikisho, ukanda ulikuwa ule ule, lakini safari hii King alitoa ushahidi. Askari wawili walifungwa miezi 30 kila mmoja.

Alipouawa George Floyd huko Minneapolis mwaka 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilitaja matatizo ya kiafya, wala haikutaja goti. Video ya msichana wa miaka 17 ndiyo iliyolionyesha. Hata hivyo, kesini mwaka 2021 mkuu wa polisi wa mji alisimama akasema kuwa tendo lile halikuwa sehemu ya mafunzo yao. Derek Chauvin akapatikana na hatia.

Kwangu mimi, ukanda una macho lakini hauna mdomo. Huazima wa mtu. Tena huanza katikati ya jambo, na askari aweza kujua kweli kile ambacho kamera haikukiwahi. Basi asinyimwe nafasi ya kusema. Ila, msomaji, tumwulize jambo moja: je, maneno yake yanatueleza tunachokiona, au yanatutaka tusikione?