Nani Anaruhusiwa Kufilisika?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Historia ya Bonde la Kilombero inanilazimu kuuliza: je, wadaiwa wote hupewa dawa hiyo hiyo?

Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kudhibiti mikopo kwa "wenyeji" wa Tanganyika. Bila kibali cha ofisa wa serikali, mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani. Iliitwa kinga, lakini ilimhesabu mkulima kama mtoto asiyeweza kuingia mkataba.

Miongo minane baadaye, mkulima huyo alikuwa mteja anayetafutwa. Huko Mngeta, kusini-magharibi mwa Ifakara, kampuni ya Kilombero Plantations ililima mpunga kwenye shamba la zaidi ya hekta 5,000, ikawahamasisha wakulima wadogo kufuata kilimo shadidi kwa pembejeo za mkopo. Mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru. Bei ikaporomoka, deni likabaki pale pale. Ripoti ya Taasisi ya Oakland ya mwaka 2015 inaeleza jinsi baadhi ya wakulima walivyouza mali zao ili walipe.

Mwaka 2019 kampuni yenyewe ilielemewa na madeni, ikawekwa chini ya msimamizi kwa niaba ya wadai. Katika hali kama hiyo, sheria ya makampuni hukomesha hasara ya mwanahisa kwenye hisa zake. Hakuna mdai anayeruhusiwa kumng'olea bati la nyumba yake.

Marekani, ngome ya ubepari, mfanyakazi wa kawaida naye anao mlango. Kwa sheria ya mwaka 1978 anaweza kuiomba mahakama imfutie madeni asiyoyaweza. Mwaka 2005, masharti yalipokaribia kukazwa, maombi yalizidi milioni 2.

Nasi tunayo Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Inamruhusu mdaiwa kuomba mwenyewe, lakini mlango wake uko Mahakama Kuu, mbali na mkulima anayedaiwa fedha za mbolea. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuja kuwasimamia wakopeshaji, lakini mikopo ya "kausha damu" ingali inavunja ndoa na kuhamisha watu usiku.

Watunga sera wanaosoma hapa wajibu swali moja: kama mtaji unaruhusiwa kushindwa na kuanza upya, kwa nini jembe lisiruhusiwe? Utaratibu wa kufilisika kwa heshima ushushwe hadi mahakama ya wilaya. Hiyo si hisani. Ni usawa mbele ya sheria.