Homa ya Ini B Inavyoharibu Figo
Virusi vya homa ya ini B huzaliana ndani ya ini, lakini madhara yake hufika hata kwenye figo. Ini lililoambukizwa humwaga protini za virusi kwenye damu. Kingamwili huzikamata, na mashada hayo hunasa kwenye vichujio vya figo. Antijeni iitwayo e ni ndogo, hivyo hupenya utando wa kichujio. Kinga ya mwili ikiyashambulia mashada hayo, kichujio huvuja na protini ya damu hupotea kwa mkojo.

Dalili ni mkojo wenye povu, na uso na miguu kuvimba. Dawa za kudhibiti virusi hupunguza uvujaji.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mapema miaka ya 2000. Watu wazima wengi, kuanzia Fort Ternan hadi Lamu, hawakuipata chanjo hiyo. Wapime damu, na mwenye virusi apimwe mkojo pia.