Mwenye Nyumba Mpya na Ngoma ya Zamani

Wanafunzi wangu, kizazi kilichokulia mbele ya televisheni, huniuliza kwa nini vipindi vya vichekesho hubadilisha muziki wa kufungulia. Nalichukulia swali hilo kuwa ni la historia ya madaraka.

Tuanze na Marekani, ambako mifano ni mingi. "Happy Days", kilichoanza mwaka 1974, kilifunguliwa kwanza kwa "Rock Around the Clock" ya Bill Haley, wimbo ambao tayari ulikuwa maarufu. Kipindi kilipopata wapenzi wake, kikaachana na umaarufu wa kuazima na kutumia wimbo wake chenyewe. "A Different World", cha mwaka 1987, kilibaki na wimbo uleule lakini kikabadilisha sauti: alianza Phoebe Snow, akafuata Aretha Franklin, na mwishoni Boyz II Men. Sauti ya Aretha ilisikika katika msimu wa pili, msimu ambao Debbie Allen alikabidhiwa usimamizi wa kipindi. Muziki wa kufungulia, basi, ni kama rangi ya mlango: hupakwa upya nyumba inapopata mwenyewe mwingine, au inapotaka kuita wageni wa aina nyingine.

Kwetu kuna mfano unaoipinga kanuni hiyo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizaliwa mwaka 1965, ikaja kuwa sehemu ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, kisha ya TBC. Nchi nayo ilitoka katika chama kimoja ikaingia vyama vingi, ikatoka Ujamaa ikaingia soko huria. Katika mageuzi hayo yote, taarifa ya habari iliendelea kutanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Wenye nyumba walibadilika. Mlango ukabaki na rangi yake.

Kwa nini? Jibu naliona Nachingwea na Ruangwa. Huku redio iliitangulia televisheni kwa miongo mingi, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa mkulima wa korosho au ufuta asiye na saa wala umeme, ngoma ile ilikuwa saa ya kijiji na amri ya ukimya: watoto walinyamaza, mazungumzo yalikatwa. Kichekesho hutafuta watazamaji wapya kila msimu. Taarifa ya habari huomba kuaminiwa, na imani hujengwa kwa kurudia. Isitoshe, ngoma ile haikutaja chama wala kiongozi, hivyo hakuna mabadiliko ya siasa yaliyoifanya ionekane imepitwa na wakati.

Nachingwea ina ushahidi wa upande wa pili pia. Hapa ndipo FRELIMO ilipokuwa na kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi wakati wa vita dhidi ya Wareno. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, wimbo wa taifa uliochaguliwa ulikuwa "Viva, Viva a FRELIMO", uliobeba jina la chama hadi katika kichwa chake. Wakati wa ukombozi jambo hilo halikushangaza. Lakini katiba ya mwaka 1990 ilipofungua mlango wa vyama vingi, ilikuwa vigumu kumtaka raia wa chama cha upinzani asimame wima kukisifu chama asichokipigia kura. Mwaka 2002 nafasi hiyo ikachukuliwa na "Pátria Amada", wimbo unaoiimbia nchi.

Hili lina uzito kwa watumishi wa umma wanaonisoma. Kila mkuu mpya wa taasisi huona hamu ya kubadilisha nembo, kaulimbiu na milio, ili ionekane kwamba amefika. Kampuni binafsi inaweza kufanya hivyo kwa fedha zake. Mali ya umma inadai swali la ziada: alama hii inamsemea nani? Ikiwa inamsemea aliyeko madarakani, tuibadilishe hata kama tumeizoea. Ikiwa inatusemea sote, mkuu mpya aikute, aitunze, na amwachie atakayemfuata. Nasi walimu tuna wajibu wetu: kuhakikisha kwamba kijana wa Ruangwa anayeusikia mdundo ule leo kwenye simu yake analijua pia jina la aliyeupiga.