Unga Mweupe wa Bundoora

Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, familia moja pembezoni mwa Melbourne, Australia, ilizoea kufungua friji ya nyumbani na kukuta chupa za mkojo. Haukuwa mkojo wa mtu wa familia. Ulitoka kwa wagonjwa wa akili wa hospitali ya Bundoora, walikotibiwa wanajeshi waliorudi vitani, na baba wa nyumba hiyo, daktari John Cade, alikuwa akiutafutia siri.

Cade alikuwa akiwaona wagonjwa hao kila siku. Mtu anashinda wiki nzima akilala saa mbili tatu tu, anaongea bila kituo, anatumia hata fedha asizokuwa nazo, anajiona hakuna asiloliweza. Kisha mtu huyohuyo anaanguka katika huzuni nzito hata kunyanyuka kitandani na kunawa uso kunamshinda. Katikati ya vipindi hivyo viwili huwa ni mzima kabisa: fundi, karani, mama wa watu. Leo ugonjwa huo unaitwa baipola, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani watu wapatao milioni 40 waliishi nao mwaka 2019.

Jina ni jipya, ugonjwa ni wa kale. Mwaka 1854 madaktari wawili wa Paris, Jean-Pierre Falret na Jules Baillarger, waligombania nani kati yao ameutambua kwanza. Falret aliuita wazimu wa mduara, kwa jinsi unavyozunguka na kurudi pale pale. Mjerumani Emil Kraepelin akauchora vizuri zaidi mwaka 1899. Lakini kuupa ugonjwa jina si kuutibu. Kwa miaka mingi kilichobaki kwa mgonjwa kilikuwa mlango wenye kufuli, dawa za usingizi, baadaye mshtuko wa umeme. Wengine walikatwa sehemu ya ubongo, na mwaka 1949 aliyebuni upasuaji huo, Mreno Egas Moniz, alipewa Tuzo ya Nobel.

Cade alikuwa amekaa zaidi ya miaka mitatu katika kambi ya wafungwa ya Changi, Singapore, mikononi mwa Wajapani. Huko aliona wenzake wakipoteza akili huku miili yao ikikosa lishe, akatoka na wazo kwamba wazimu nao una chanzo chake mwilini. Bundoora akapewa stoo ya jikoni iliyokuwa haitumiki, akaifanya maabara. Alidunga mkojo wa wagonjwa kwenye matumbo ya simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watu wa Iringa na Njombe huwafuga nyumbani. Alitaka kuwajaribia pia asidi ya mkojo, lakini asidi hiyo ilikuwa ngumu kuyeyuka katika maji, ndipo akaiunganisha na lithiamu. Lithiamu ni metali iliyogunduliwa Sweden mwaka 1817 ndani ya jiwe, na karne ya 19 chumvi zake zilitumika kutibu jongo.

Simbilisi waliodungwa mchanganyiko huo wakatulia. Wanyama ambao kwa kawaida hushtuka kwa mguso mdogo sasa aliweza kuwalaza chali, nao wakabaki wakimtazama. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba huenda wanyama wale walikuwa wameanza kulewa sumu. Basi dawa kubwa huenda ilianza kwa dalili iliyosomwa vibaya, na hilo halimpunguzii Cade heshima, kwa sababu aliyetangulia kuinywa ni yeye mwenyewe.

Machi 1948 akampa lithiamu mgonjwa wa kwanza, mwanamume wa miaka 51 anayejulikana katika historia ya tiba kwa herufi mbili tu, W.B. Kwa miaka mitano mfululizo mtu huyo alikuwa hatulii: mchafu, mharibifu, akiingilia mambo ya kila mtu wodini. Baada ya siku chache akaanza kupoa. Baada ya wiki tatu akahamishiwa kwa wanaopata nafuu. Julai akarudi nyumbani, kisha kwenye kazi yake ya zamani. Mtu aliyekuwa amehesabiwa kuwa wa wodi ya nyuma hadi kufa, sasa anaamka asubuhi na kwenda kazini!

Ila akaacha dawa, na miezi michache tu ikapita kabla ya kurudishwa Bundoora. Safari hiyo mwili ulianza kuikataa. Kila alipopewa ya kutosha kumtuliza, alitapika na kudhoofika. Mei 1950 alifariki kwa sumu ya lithiamu ileile iliyomponya. Cade alikuwa ameshachapisha matokeo yake Septemba 1949, na mwaka huohuo Marekani ikapiga marufuku chumvi ya lithiamu iliyouzwa kwa wagonjwa wa moyo badala ya chumvi ya mezani, baada ya watu kufa. Dawa ikawa karibu kuzikwa.

Iliokolewa na kipimo. Watafiti wa Melbourne, Edward Trautner akiwa mstari wa mbele, walionyesha mwaka 1951 kwamba kiasi cha lithiamu kinaweza kupimwa katika damu. Huko Denmark, Mogens Schou akaifanyia majaribio makini kuanzia 1954. Schou alikuwa na sababu iliyomgusa moyoni: ndugu yake alikuwa akisumbuliwa na sonona iliyomrudia mara kwa mara tangu ujana. Alipomwanzishia lithiamu, vipindi vile vikakoma. Mwaka 1967 Schou na Poul Baastrup walitoa taarifa za wanawake 88 ambao dawa hiyo iliwapunguzia sana vipindi vya kuugua. Madaktari wa London wakawabeza hadharani. Wadenmark wakajibu kwa jaribio jingine mwaka 1970, na mwaka huohuo Marekani ikairuhusu.

Hakuna kampuni inayoweza kudai kuimiliki lithiamu; ni chumvi ya ardhini, kwa hiyo ni rahisi. 

Kidonge kinaweza kuwa cha bei nafuu, lakini mgonjwa bado anahitaji maabara ya kumpima damu, figo na tezi ya shingo. Nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo. Jua la pwani likimtoa mtu jasho, au akiharisha, lithiamu hupanda katika damu. Anayetaka kufunga Ramadhani inabidi azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama, na mkono wake ukianza kutetemeka asingoje futari.